Kumbukumbu ya mradi wangu: wiki tisa na Kiingereza cha mtihani

Mimi ni muuguzi, na mradi wenyewe ni OET, mtihani wa Kiingereza kwa watu wa afya. Kwa sasa napambana na kusoma tu. Lengo ni alama 350 kati ya 500, yaani daraja la B. Kusikiliza na kuongea kutasubiri zamu yake.

Wiki ya 1 na ya 2. Nimezitupa. Nilikuwa nanakili maneno 40 kila usiku, mengi yakiwa majina ya magonjwa, hadi siku ya kumi na moja nilipogundua kwamba nakariri ninachokijua. Maneno marefu ya kitabibu tumeyasoma kwa Kiingereza tangu chuoni na tunayatamka kila zamu. Niamshe usiku wa manane, nitakueleza "hypoglycaemia" (sukari ya damu kushuka) na "hyperglycaemia" (sukari kupanda) zinavyotofautiana. Yanayoniangusha ni yale mafupi yanayojifanya ya kawaida. "Tender" nilijua ni laini. Kumbe tumbo likiwa "tender" linauma ukilibonyeza. "Unremarkable" niliisoma kama dharau, kumbe kwenye majibu ya eksirei ni habari njema: hakuna kasoro iliyoonekana. Na hiyo "hardly" ndiyo usiseme! Niliposoma "she hardly slept" nilimwona mgonjwa kazama kwenye usingizi mzito. Maskini alikuwa amekesha.

Wiki ya 3. Daftari kando, kadi mezani. Mbele naandika sentensi yenye pengo, nyuma neno linalokosekana. Kadi niliyoipata inasogea kisanduku cha pili na itasubiri siku kadhaa. Niliyoikosa inarudi kisanduku cha kwanza, kesho tunaonana tena. Kadi mpya 12 kwa siku, basi.

Wiki ya 4 na ya 5. Sarufi. Niliandika barua ya rufaa ya mazoezi kuhusu mama wa miaka 60, na kufika aya ya tatu mama alikuwa amegeuka "he". Kwetu "yeye" ni yeye, hatuulizi zaidi. Kosa la pili lilikuwa "He has diabetes since 2015". Kwa Kiswahili "ana kisukari tangu 2015" haina shida yoyote, ila Kiingereza kikishaona "since" kinadai "has had". La tatu ni "kitandani". Kiambishi chetu kimoja tu, -ni, wao wanakigawa: "in bed" ni mgonjwa aliyelala amejifunika, "on the bed" anaweza kuwa ameketi tu juu yake anaongea na simu. Kuhusu "a" na "the" nimeamua kutogombana nazo sana. Katika kusoma haziniumizi, na muda ni mchache.

Wiki ya 6. Sehemu A: matini nne fupi za mada moja, maswali 20, dakika 15. Nimepiga hesabu, ni sekunde 45 kwa swali, na hapo kusoma kumo ndani. Mara ya kwanza nilisoma matini zote kwa adabu, mstari kwa mstari, kengele ikalia niko swali la 9. Sasa naangalia vichwa na majedwali tu, nijue kila kitu kimekaa wapi, kisha swali ndilo linanituma kwenda kutafuta. Kipimo cha dozi kiko matini gani? Naenda, nalinakili neno kama lilivyo, natoka. Nimefika 17.

Wiki ya 7. Sehemu B, vipande sita vifupi vya miongozo na matangazo ya kazini. Nilidhani hapa nitateleza tu, maana ndizo karatasi ninazoishi nazo. Nikapata mawili kati ya sita. Makosa mawili kati ya yale manne yalikuwa ya aina moja: nilichagua jibu ambalo ni kweli wodini lakini kwenye kipande halikuandikwa. Mtihani hauniulizi nifanye nini kwa mgonjwa, unauliza mwandishi kasema nini. Ujuzi wangu ndio ulionichoma. Kosa la tatu lilikuwa sentensi ya aina hii: "The dose should not be withheld unless the patient is drowsy." Ina "not", ina "withheld" na ina "unless", makatazo matatu yamepangana. Niliigeuza Kiswahili pembeni ndipo ikanyooka: mpe dawa, mnyime pale tu anaposinzia. Tangu siku hiyo kila nikiona "unless" nasimama kwanza.

Wiki ya 8 na ya 9. Sehemu C, makala mbili ndefu zenye maswali 16. Hapa ndipo nilipokwama hasa, na sababu yake imenishangaza. Kuna maswali yanayouliza "this" au "it" katika mstari fulani inahusu nini, na nilikuwa nayakosa karibu yote. Kwa Kiswahili swali hilo mara nyingi halina hata haja ya kuulizwa. Tukisema walisafisha kidonda cha mguu *nacho kikapona*, kilichopona ni kidonda. *Nao ukapona*, ni mguu. Ngeli inakushika mkono. Kiingereza kinasema "it healed" na kukuacha njia panda. Nilikuwa naikamata nomino iliyo karibu zaidi, na mtunga maswali anajua kwamba nitafanya hivyo.

Dawa niliyoibuni ni ya kienyeji: juu ya kila "it", "this" na "they" naandika kwa penseli kiambishi cha ngeli ya kitu ninachodhani kinatajwa, *ki*, *u*, *zi*, kisha nasoma sentensi nzima nikiwa nacho. Kikigoma, nimekosea nomino. Jaribio la Jumanne, sehemu zote tatu kwa pamoja, nilipata 34 kati ya 42. Katika manane niliyokosa, moja tu ni la "it", na hilo sikuliandikia kiambishi kwa sababu nilijiona nina uhakika.

Bado polepole mno. Makala ya pili niliimaliza zikiwa zimebaki sekunde chache. Wiki ya 10 najaribu bila penseli, kiambishi nikiweke kichwani.