Mimi na mume wangu kwenye shamba la maziwa Gippsland

Mimi ni mzaliwa wa Molo, Kenya, mume wangu ni wa Oxford County, Ontario, na sote wawili tunasafiria pasipoti ya Kanada. Nataja pasipoti mapema kwa sababu maswali ninayoulizwa na jamaa na marafiki yanaanzia hapo: mliwezaje kwenda Australia, mkakaa shambani, mkafanya kazi kihalali na mkalipwa? Tulikwenda kwa visa ya likizo na kazi, ile yenye namba 417. Australia huitoa kwa vijana wa nchi ilizokubaliana nazo tu. Kwa nchi nyingi mwisho wa kuomba ni miaka 30, ila Mkanada anaruhusiwa hadi 35, na huruhusiwi kufuatana na mtoto anayekutegemea. Pasipoti ya Kenya, ya Tanzania na ya Uganda hazimo katika orodha hiyo. Kwa hiyo wakala yeyote wa Nairobi au Dar es Salaam anayekudai pesa ili akupatie visa hii kwa pasipoti ya nyumbani anakuibia. Naomba hilo lisomwe mara mbili.

Wazo la shamba lilikuwa la mume wangu. Baba yake alifuga ng'ombe wa maziwa, kisha akauza kila kitu. Ukitaka kuuza maziwa Kanada ni lazima uwe na kwota, yaani kibali cha kiasi unachoruhusiwa kuuza, na Ontario bei ya kwota imewekewa kikomo cha dola 24,000 za Kanada kwa kila kilo moja ya mafuta ya maziwa kwa siku, ambayo ni karibu kiasi anachotoa ng'ombe mmoja. Kijana anayetaka kuanza na ng'ombe 60 anahitaji zaidi ya dola milioni moja kabla hajanunua hata kamba ya kumfungia ndama. Australia ilifuta udhibiti wa aina hiyo tarehe 1 Julai 2000. Wakulima wengi waliacha kazi baada ya hapo, na bei ya maziwa hupanda na kushuka bila huruma, lakini mlango uko wazi kwa asiye na mtaji mkubwa. Mume wangu alitaka kuona kwa macho yake jinsi watu wanavyoendesha shamba kwa namna hiyo. Mimi nilikuwa na sababu yangu pia: nimekulia nyuma ya ng'ombe, na miaka yangu yote ya Kanada nimeketi ofisini.

Vijana wengi wenye visa hii huenda kuchuma matunda. Sisi tulikataa. Katika matunda mara nyingi hulipwa kwa ndoo au kwa kreti, na ingawa tangu tarehe 28 Aprili 2022 sheria inamtaka mwajiri ahakikishe mchumaji hapati chini ya kima cha chini kwa saa, bado mvua ikinyesha hakuna kazi na chumba kinaendelea kulipiwa. Tulipata ofa moja ambapo tungelipia kitanda kwanza, wiki mbili mbele, kabla ya kuambiwa kazi inaanza lini. Tukaiacha. Ng'ombe hukamuliwa mara mbili kwa siku hata kukinyesha mawe, kwa hiyo saa za kazi zipo na zinahesabika.

Tulianza kuulizia mwezi wa Aprili, kwa sababu mashamba mengi ya Gippsland, upande wa mashariki wa jimbo la Victoria, hupanga ng'ombe wazae kuanzia Julai hadi Septemba, na huo ndio wakati wanapotafuta mikono. Mwenye shamba mmoja karibu na Leongatha alikubali kuzungumza nasi kwa video. Mume wangu alimuuliza habari za ng'ombe. Mimi niliuliza habari za karatasi: tutalipwa kwa saa au kwa wiki? Tunapata hati ya mshahara kila mara? Tutakatwa kiasi gani kwa ajili ya nyumba, na makato hayo tutayasaini wapi? Amejisajili kwa mamlaka ya kodi kama mwajiri wa wenye visa hii? Swali hilo la mwisho lina maana kubwa. Mwajiri aliyejisajili hukukata kodi ya asilimia 15 hadi mapato ya dola 45,000 za Australia kwa mwaka, na asiyejisajili hukukata zaidi ya hapo. Mzee huyo hakukasirika. Alitutumia kila kitu kwa maandishi siku iliyofuata, na hapo ndipo nilipomwamini.

Tulifika mwishoni mwa Juni 2024, katikati ya baridi yao. Mkanada hujidanganya kwamba anaijua baridi. Baridi ya Kanada iko nje, na ukiingia ndani unavua koti. Nyumba ya wafanyakazi Gippsland ilikuwa ya mbao, haina joto ila jiko la kuni sebuleni, na asubuhi pumzi yetu ilikuwa inaonekana chumbani. Mvua haikatiki na matope yanafika juu ya kifundo cha mguu. Nunua gambuti nzuri, soksi za sufu na koti la mvua la wakulima hukohuko. Makoti tuliyotoka nayo Ontario yalikaa kabatini.

Kabla hatujagusa ng'ombe anayezaa, mwenye shamba alitupeleka kwa daktari tuchanjwe dhidi ya homa ya Q. Ni ugonjwa unaotokana na bakteria waliomo kwenye maji ya uzazi, kondo, mkojo na maziwa mabichi ya mifugo, na mtu anaweza kuuvuta kwa pumzi tu. Chanjo yake hupatikana Australia pekee, na kwanza unapimwa damu na ngozi, kisha unarudi baada ya wiki moja kusomwa matokeo ndipo uchomwe. Kwa hiyo usipange kufika leo na kuanza kuzalisha ng'ombe kesho. Na kwa kuwa Kanada haina mkataba wa afya na Australia, tulijinunulia bima. Ukiumia kazini Victoria, bima ya mwajiri inakuhudumia hata kama una visa ya muda, lakini jino likiuma usiku hilo ni lako.

Siku ilianza saa kumi na nusu alfajiri. Mmoja wetu aliwafuata ng'ombe malishoni kwa pikipiki ya magurudumu manne, kofia ngumu kichwani, maana hizo pikipiki zimeua wakulima wengi nchini humo. Mwingine aliandaa mashine. Ng'ombe walikuwa wapatao 300. Wanaingia 20 kila upande na kusimama kimshazari, nawe uko katikati, kwenye shimo, viwele viko usawa wa macho yako. Unafuta chuchu, unachungulia mkamuo wa kwanza kama una mabonge, unavisha vikombe vinne vya mashine, unasonga kwa anayefuata. Vikitoka, unapulizia dawa ya iodini. Mwenye alama ya rangi nyekundu kiweleni ametibiwa kwa antibiotiki, na maziwa yake yanaingia ndoo ya pembeni. Yakipenya kwenye tangi kubwa, kiwanda hukataa tangi zima. Kila nilipoona wekundu nilimtaja kwa sauti, na mume wangu upande wa pili alirudia namba yake kabla mmoja wetu hajagusa kikombe. Tuliendelea hivyo hadi mwisho, hata siku ambazo tulikuwa tumenuniana.

Kununiana kulikuwepo. Mnaamka pamoja, mnakamua pamoja, mnakula pamoja, na gari ni moja. Dawa yetu ilikuwa kugawana shamba: jioni mimi niko kwa ndama, yeye yuko kwenye uzio. Saa mbili za kutoonana zilitosha.

Ndama ndio waliokuwa furaha yangu. Kila mmoja anatakiwa anywe dang'a ya kutosha saa chache baada ya kuzaliwa, na asiyenyonya mwenyewe unampa kwa chupa au kwa mrija. Sitaficha upande mgumu. Ndama dume wengi hawafugwi. Wakifika siku tano hivi huchukuliwa na lori kwenda kuchinjwa. Molo ndama dume angepata mtu wa kumnunua amlee. Sikuwahi kuzoea asubuhi za lori, na mke wa mwenye shamba, aliyefanya kazi hiyo tangu ujana wake, aliniambia hata yeye hajazoea.

Alfajiri moja, mvua ya manyunyu ikinyesha, nilimkuta ng'ombe mkubwa aliyezaa usiku amelala kifudifudi, shingo imekunjwa kuelekea ubavuni. Nilivua glavu nikamshika masikio. Yalikuwa ya baridi kabisa. Mfugaji yeyote wa kwetu anajua maana yake: homa ya maziwa, yaani madini ya kalisi (kalsiamu) yameshuka mwilini kwa sababu ya maziwa yanayoanza kwa kasi. Nilimpigia simu mwenye shamba, naye alikuja na chupa ya kalisi aliyokuwa ameipasha kwenye ndoo ya maji ya moto. Akaingiza sindano kwenye mshipa wa shingo, akaniachia chupa niishike chini chini ili dawa iende polepole, maana ikienda haraka moyo husimama, huku yeye akisikiliza mapigo. Chupa ilipokaribia kuisha, ng'ombe alitetemeka mabegani, akateuka kwa sauti, akanya. Mzee akacheka, akasema huyo tayari. Haikupita nusu saa akawa amesimama, anamtafuta ndama wake.

Gippsland ikiwa saa kumi na moja alfajiri, Kenya ni saa nne ya usiku uliotangulia, na mama hulala mapema. Nilisubiri hadi mchana ndipo nikampigia. "Ulimshika masikio kwanza?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, mama. "Haya basi," akasema, na akaendelea na habari za mvua.

Lakini somo kubwa la shamba lile ni nyasi. Kwetu Molo tunakata matete na kumpelekea ng'ombe bandani. Kwa kina mume wangu, ng'ombe wako ndani na chakula huja kwa trekta. Gippsland ng'ombe huenda kwenye majani mwaka mzima. Kila baada ya kukamua wanafunguliwa kipande kipya kwa waya wa umeme unaokunjuliwa kutoka kwenye gurudumu la mkononi, wakimaliza wanahamishwa. Swali la kila siku ni kipande gani kiko tayari. Wiki yetu ya kwanza mwenye shamba alipiga magoti kwenye unyevu, akang'oa mche mmoja wa raigrasi, nyasi za malisho yao, akatuonyesha majani yake kwa kidole: moja, mawili, matatu. Mche huo hubeba majani matatu tu yaliyo hai, akaeleza, na la nne likichomoza la kwanza hufa. Ukilisha kabla ya jani la pili mizizi haijaweka akiba na nyasi itachelewa kurudi. Ukisubiri la nne, umeshapoteza chakula. Wasile chini ya sentimita nne. Mume wangu, ambaye aliwahi kusomea kilimo, alirudi nyumbani jioni akiwa amechangamka kuliko nilivyomwona kwa muda mrefu. Kuanzia hapo kila tulipotembea Jumapili alikuwa anainama kuhesabu majani ya watu.

Kuhusu pesa, kima cha chini cha taifa kuanzia Julai 2024 kilikuwa dola 24.10 kwa saa, na kibarua huongezewa asilimia 25, kwa hiyo hakushuka chini ya dola 30 na senti kidogo. Mwaka huo mwajiri aliweka pia asilimia 11.5 kwenye akiba ya uzeeni. Ukiondoka nchini unaweza kuidai, ila mwenye visa yetu hukatwa kodi ya asilimia 65 humo, basi usiipangie bajeti. Tulitunza kila hati ya mshahara, kwa sababu Mkanada anayetaka mwaka wa pili lazima athibitishe siku 88 za kazi maalumu nje ya miji mikubwa, na kukamua ng'ombe Gippsland kunahesabiwa. Kujitolea kwa kupewa chakula na kitanda hakuhesabiwi tangu mwaka 2015. Mwenye shamba alitujazia fomu namba 1263, tukaituma na hati zetu, na visa ya pili ikatoka.

Katika mwaka huo wa pili, miezi sita ya kazi ya namna hiyohiyo inafungua wa tatu, kisha basi. Mume wangu anazungumza sasa na wakulima kuhusu ubia, ambapo anayekamua hugawana mapato ya maziwa na mwenye ardhi na pole pole hujinunulia ng'ombe wake. Miaka mitatu haitoshi kwa mpango kama huo, na visa ya 417 haina nafasi hiyo. Tumeanza kusoma njia nyingine za kukaa, na baba yake, aliyeapa kwamba hatapanda ndege ya saa nyingi hivyo maishani mwake, ametuuliza ng'ombe wanaanza kuzaa tarehe ngapi.