Tulivyozikutanisha halmashauri za bonde moja la mto

Nilipokabidhiwa jukumu la kuratibu mpango wa pamoja wa kukabili mafuriko na joto kwa halmashauri zinazopakana katika bonde moja la mto, kila halmashauri ilikuwa na ramani yake ya mafuriko, na ramani hizo hazikulingana hata pale zilipokutana mpakani. Eneo la wazi ambalo upande mmoja ulilihesabu kuwa la kupokea maji, upande wa pili ulikuwa umelipangia makazi.

Niliomba tuahirishe mazungumzo ya fedha hadi tuwe na kipimo kimoja. Nilitumia mfano wa kusini-mashariki mwa Florida, nchini Marekani, ambako kaunti za Broward, Miami-Dade, Monroe na Palm Beach ziliingia makubaliano mwaka 2010, kisha zikaandaa makadirio ya pamoja ya kupanda kwa usawa wa bahari, ili zote zipange miundombinu yao kwa kutumia takwimu zilezile. Kwetu suala lilikuwa mvua. Wapimaji wa halmashauri zote walitembea pamoja kingo za mto wakipima upya mwinuko wa ardhi, na nadhani matembezi hayo yalijenga kuaminiana kuliko kikao chochote nilichokiitisha.

Ugumu ulikuwa kwa wenzetu wa upande wa juu wa mto. Wao hawakuwa wakifurikiwa, lakini tuliwaomba wakubali uwanja wao wa michezo uchimbwe ushuke chini ya usawa wa barabara, maji ya mvua kubwa yatuame humo na kutoka polepole kupitia lango dogo, ili walio chini wasipokee yote kwa mkupuo. Niliwaonyesha jinsi Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, baada ya mvua kubwa ya tarehe 2 Julai 2011, ilivyoanza kusanifu bustani na viwanja vya kuhifadhi maji kwa muda, na jinsi Nijmegen, huko Uholanzi, ilivyosogeza tuta la mto mita 350 ndani ya nchi kavu na kupata bustani kando ya mkondo mpya. Walivutiwa, ila hawakuridhika, na walikuwa na haki.

Hofu yao haikuwa maji. Mtunza uwanja alituambia waziwazi kwamba maji yataondoka yenyewe, lakini tope litabaki kwake, nyasi zitaoza na watoto watakosa pa kuchezea. Kifungu cha tope ndicho kilichotuchukulia muda mrefu zaidi katika hati nzima ya makubaliano yetu. Hatimaye halmashauri za chini zilikubali kugharamia usafishaji, kupanda upya nyasi na kutunza miti ya kivuli iliyopandwa kuuzunguka uwanja, kwa kuwa joto nalo lilikuwa sehemu ya mpango wetu. Fedha hizo huwekwa kwenye akaunti ya pamoja kabla ya msimu wa mvua, wala haziombwi baada ya madhara kutokea. Sharti hili nisingekubali kamwe liondolewe.

Mvua kubwa iliponyesha, uwanja ulijaa, lango likafanya kazi yake, na wasafishaji walifika mara tu maji yalipopungua, wakaanza na matundu ya lango, ambako majani na mchanga vilikuwa vimejikusanya. Sasa tunajadili ardhi oevu iliyo mpakani, na safari hii upande wa juu ndio ulioleta rasimu ya kwanza, kifungu cha matunzo kikiwa kimetangulia vingine vyote.