Si Minyoo, Ni Nyungunyungu

Jumatano, jioni. Nimesugua kucha kwa limau na bado nyeusi. Andalio la somo la kesho nimeliandika huku najikuna mkono, maana sisimizi walinipata kabla sijawapata wao.

Kilichonichelewesha kuanza mradi huu wa kugeuza maganda kuwa mbolea si hela, ni neno. Siku nilipowatangazia darasa la nne kwamba tutafuga minyoo, darasa lilinyamaza kama nimetaja msiba. Kisha mmoja wa dawati la mbele akanyoosha kidole: "Madam, si juzi tu tumemeza dawa ya minyoo?"

Ni kweli. Wiki ileile watoto walipangwa mstari, kila mmoja na kidonge chake cha albendazoli, na mimi ndiye niliyekuwa nakagua nani kameza na nani kaficha shavuni. Leo mimi huyohuyo nawaambia walete maganda walishe minyoo! Jioni mzazi akanipigia, hata salamu hakuna: "Mwalimu, nasikia huko shuleni mnafuga minyoo?"

Kesho yake nikaanza upya ubaoni. Upande huu minyoo ya tumboni, upande ule nyungunyungu, ambaye hana shida na tumbo la mtu. Hana macho, ingawa mwanga anausikia na kuukimbia. Anapumua kwa ngozi, ndiyo maana akikauka anakufa. Meno hana, ila ana firigisi kama kuku, na mchanga ndio unaomsagia chakula humo ndani. Nilipotaja firigisi, kipindi kikanitoka mikononi. Hapa Morogoro kila mtoto anajua firigisi ya kwao huliwa na nani, na kila mmoja alikuwa na malalamiko yake.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Tulichimba bustanini, tukakusanya wale wanene wa kijivu, tukawatia kwenye kreti la mbao lenye magazeti na maboksi yaliyochanwa, yakaloweshwa na kukamuliwa kama nguo. Asubuhi tuliwakuta sakafuni, wamekauka kama kamba za viatu. Wale ni wa udongoni, wanataka kwenda chini, na kreti halina chini ya kwenda. Wanaofaa ni wembamba wekundu wanaoishi juujuu kwenye samadi na takataka zinazooza. Nilinunua robo kilo kwa mkulima anayewafuga, nikapanda nao daladala mfuko umefungwa mara tatu. Abiria mwenzangu akauliza kama ni dagaa. Nikasema ndiyo.

Kosa la pili lilikuwa la watoto, na hilo ndilo ninaloliwaza mpaka sasa. Nyungunyungu wakishazoea makao hula kama nusu ya uzito wao kwa siku. Kwa robo kilo yangu ya nyungunyungu hiyo ni gramu 125 za chakula, yaani maganda ya ndizi mawili matatu hivi. Mimi nina watoto 58, na kila mmoja alikuja na ganda lake. Siku ya nne kreti lilikuwa na joto kama uji uliofunikwa, linanuka siki, na nyungunyungu wote wamejibana pembeni juu, wanatafuta pa kutokea. Nilipofukua nikakuta kitu kibaya zaidi: makande. Makande ya chumvi na mafuta, na chumvi kwenye ngozi ile ni sumu.

Niligomba. Niligomba vibaya, sauti ikafika hadi jikoni. "Nani kamwaga makande humu?" Kimya. Ni mama mpishi aliyekuja kuninong'oneza baadaye kwamba kuna mmoja ambaye siku mbili hizo alikuwa anaacha nusu ya sahani yake na kutoka nayo nje. Hakumwaga mabaki. Alikuwa anawagawia chakula chake cha mchana.

Sikujua nimwambie nini, nikampa kazi. Sasa yeye ndiye mshika mizani, bila yeye hakuna ganda linaloingia. Tulitoa chakula chote, tukaongeza maboksi makavu, tukafunika kwa gunia bichi. Kreti liko juu ya meza chini ya mwembe, miguu ya meza imesimama kwenye makopo ya maji yenye matone ya mafuta ya taa. (Sisimizi wa leo walipitia tawi lililogusa gunia. Tawi nimelikata.)

Leo mshika mizani ameona kitu cha kwanza kabla yangu: vijimfuko rangi ya dhahabu, kila kimoja kama kichwa cha kiberiti, umbo la limau. Ndani mna mayai. "Madam, kataga jike yupi?" Nikamwambia hapa kila mmoja ni jike na dume kwa pamoja. Akatafakari, akauliza: "Sasa firigisi anakula nani?"

Kinachonisumbua sasa ni likizo ya Juni. Nimemwomba mlinzi awaangalie, awe anawapa majani ya chai yaliyokwisha chemshwa, kiganja kimoja kila siku mbili.

"Bila sukari, mzee wangu."

"Bila sukari?" Mzee huyu huchemsha maji, majani na sukari kwenye sufuria moja tangu sijaajiriwa. Alilitazama kreti kwa muda mrefu. "Kwa hiyo, Mwalimu, kwa ajili ya hawa, mimi nitie sukari kikombeni?"