Visanduku vinne mwaloni Igombe

Mwanzoni mwa Agosti 2012 nilipanda daladala hadi mwalo wa Igombe, ufukwe wa wavuvi nje kidogo ya jiji la Mwanza, nikiwa na madodoso 40 kwenye bahasha ya kaki. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili wa sosholojia na nilitaka kuandika kuhusu dini ya wavuvi wa dagaa. Siku nilizichagua makusudi: mwezi ulikuwa mpevu, na kukiwa na mbalamwezi dagaa hawafuati taa za karabai, kwa hiyo wavuvi hushinda nchi kavu wakishona nyavu.

Sikufikiria sensa. Zilikuwa zimebaki kama wiki tatu, na nchi nzima ilikuwa ikibishana juu ya swali la dini. Sensa ya mwisho kuwauliza Watanzania dini zao ilikuwa ya 1967. Mwaka huo wa 2012 baadhi ya Waislamu walidai swali lirudishwe, wapo waliotangaza kwamba hawatahesabiwa, na Serikali ikashikilia kukataa. Basi mimi natokea mwaloni, Ijumaa ya Ramadhani, na swali langu la kwanza ni "Dini yako ni ipi?" Vijana wawili waliinuka wakaenda zao. Mzee mmoja akaniuliza nimetumwa na nani. Sikuwalaumu, na hata leo siwalaumu.

Aliyekubali ni mama aliyekuwa akichambua dagaa juu ya turubai. Nilimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," mayu ikiwa ni mama, akaitikia na kunisogezea ndoo nikae.

"Mimi nimebatizwa Bukumbi," alisema, kwa fahari. Bukumbi, kusini mwa Mwanza, ndiko Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, walikoweka misheni yao mwaka 1883. Nikatia alama kwenye kisanduku cha Mkristo.

"Ngoja kwanza mwanangu, sijamaliza."

Marehemu mumewe alikuwa Mwislamu, na wanawe wawili walikuwa wamefunga. Tangu mwezi uandame yeye hali kitu mchana mbele yao, na futari ya watu wa mtumbwi wao anapika yeye. Mtumbwi ukiwa mpya, kabla haujagusa maji, huunyunyizia unga wa mtama uliokorogwa na maji, akiwataja masamva, wale wazee wa ukoo waliotangulia. Na Jumapili hakosi kigangoni.

Visanduku vyangu vilikuwa vinne: Mkristo, Mwislamu, dini ya jadi, hana dini. Maelekezo, niliyoyaandika mwenyewe, yalisema achague kimoja. Akainama akaitazama karatasi.

"Ukinitia kwenye hiki, hawa wengine nitawaambia nini?"

Niliirudisha karatasi kwenye bahasha, nikaanza kuchambua dagaa pamoja naye. Kichwani nilikuwa na Émile Durkheim, mwanasosholojia Mfaransa, ambaye kitabu chake kikubwa juu ya dini kilitoka Ufaransa mwaka 1912, miaka 100 kamili kabla ya siku ile. Yeye alisema dini ni imani na matendo yanayohusu vitu vilivyotengwa kuwa vitakatifu, na kwamba imani na matendo hayo huwafunga watu kuwa jumuiya moja. Aliandika mengi kuhusu wenyeji wa Australia bila kufika huko, akitegemea taarifa za waliofika. Mimi nilikuwa nimefika, nimekaa juu ya ndoo, na bado nilitaka karatasi inisaidie kutoona. Jambo hilo liliniuma.

Nikakaa hadi magharibi. Adhana ilipolia, watu wa mtumbwi ule walizunguka sinia moja, waliofunga na wasiofunga. Mayu aligawa uji, mkubwa wao kwanza. Wawili walipiga ishara ya msalaba, wengine wakasema bismillah, na mikono ikaingia kwenye viazi. Hapa palikuwa na jumuiya kama ile ya Durkheim, ila jina lake lilikuwa la mtumbwi.

Nilimpelekea mhadhiri wangu dodoso moja lililojazwa nusu na mengine 39 matupu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua kalamu, akalifuta swali la kwanza na kuandika juu yake: "Mtumbwi wenu huingiaje majini?"

Katikati ya Agosti giza liliporudi, nami nikarudi Igombe na swali hilo. Wa kwanza kujibu alikuwa yule mzee aliyetaka kujua nimetumwa na nani. Alieleza mpaka karabai zikawashwa.