Kumbukumbu ya mradi: M16 imekubali baada ya kuingiza baridi

Hatimaye! Safu ya M16, bunduki ya jeshi la Marekani, iliyonigomea tangu nianze jedwali hili la misokoto ya mitutu (mifereji ya ndani inayoizungusha risasi ili itulie hewani) imetoa jibu linalolingana na historia.

Mnaofuatilia mnajua ilipokwama. AR-15 za mwanzo za ArmaLite, zilizoizaa M16, zilikuwa na msokoto wa mzunguko mmoja kila inchi 14. Mwaka 1963 Wamarekani wakaubana hadi inchi 12. Nilitaka namba zenyewe zionyeshe sababu. Basi nikaiingiza M193, risasi ya M16 ya wakati huo, kwenye fomula ya Miller, inayotoa namba ya utulivu wa risasi (chini ya 1 inapinduka): uzito wa greni 55, urefu wa inchi 0.74, kasi ya takriban mita 990 kwa sekunde. Kwa inchi 14 nikapata 1.0, yaani pale pale mpakani, risasi haijulikani kama itatulia au itapinduka. Kwa inchi 12, 1.37. Inaudhi mno! Kuna nafuu, ndiyo, lakini hakuna kinachoeleza kwa nini jeshi lifumue mtutu ambao tayari ulikuwa unapiga shabaha vizuri.

Nilibadilisha kasi, nikagusa urefu, wapi. Jibu lilikuwa kwenye hewa. Majaribio yaliyoutia ila msokoto wa 14 yalihusu baridi ya Aktiki, nyuzi 54 za Selsiasi chini ya sifuri, na mimi nilikuwa napigia hesabu nyuzi 15. Hewa ya baridi ni nzito, inaisukuma pua ya risasi kwa nguvu zaidi, na mzunguko uleule hautoshi tena. Nikaongeza safu ya joto, na matokeo ni haya: inchi 14 imeporomoka hadi 0.77, inchi 12 imesimama kwenye 1.04. Imepona chupuchupu, lakini imepona. Nimefurahi kupita kiasi.

Ndiyo maana nasisitiza kila mtu ajitengenezee jedwali lake kwenye LibreOffice, programu ya kompyuta ya majedwali. Baadhi ya vikokotoo vya simu vinakupa jibu moja safi huku joto la hewa vimelificha ndani, na hapa joto ndilo lililobeba habari yote.

Kwa SS109, risasi ya Ubelgiji ambayo NATO iliichagua mwaka 1980, sikusumbuka. Ni greni 62, ina ncha ya chuma ndani, ni ndefu zaidi. Kwenye msokoto wa 12 inapata 0.85, haifai kabisa, na kwa 9 inapanda hadi 1.5. Sasa kwa nini M16A2, toleo la baadaye la M16, ikapewa inchi 7? Sababu ni risasi ya alama ya moto, ile inayoonyesha njia yake hewani. Uzito wake unakaribiana na wa SS109, lakini dawa inayowaka mkiani imeirefusha hadi karibu inchi 1.15. Kwa 9 inashindwa, 0.77. Kwa 7 inapata 1.28. Mtutu mzima umepangwa kwa ajili ya risasi ambayo askari wengi huipiga mara chache, na naona uamuzi huo ulikuwa sahihi: mtutu lazima ukubali kila kilichomo kwenye magazini.

Hatua iliyopangwa ilikuwa michoro ya mapito ya risasi hewani, M193 dhidi ya risasi kubwa zaidi ya NATO ya milimita 7.62. Nimeiweka kando, kwa sababu usiku huohuo niliingiza risasi ya milimita 5.45 ya AK-74, bunduki ya Wasovieti. Risasi hiyo, 7N6, ina uwazi mtupu puani, kwa hiyo ina urefu usiolingana na uzito wake. Kwa msokoto wa milimita 200 napata 1.2 kwenye nyuzi 15, na kwenye baridi ileile inashuka chini ya 1. Wasovieti, na Siberia yao, wasingekubali bunduki ya namna hiyo. Fomula inaichukulia risasi kama kitu kilichojaa mwanzo hadi mwisho, na hii haijajaa. Sasa naigawa vipande, pua, kiini cha chuma, madini laini ya risasi yanayokizunguka na ganda la nje, nihesabu kila kipande peke yake.