Siku moja maishani mwangu: umande, kinamasi na buti za kazi

Kazi yangu ni kuongoza wawindaji wenye vibali msituni. Siku ambazo hakuna uwindaji nafyeka njia, nakagua mipaka na kukata miti iliyoangukia barabara. Zote ni kazi za miguu. Watu huniuliza buti gani ni nzuri, nami huanza kwa kuwauliza maji yatakayowapata yatatoka wapi, maana jibu hubadilika kabisa kati ya mtu wa umande, mtu wa kinamasi na mtu ambaye jasho lake ndilo mvua yake. Jana nilipata maji ya kila namna kwa siku moja, tena jioni nikawa na kijana mpya wa kuchaguliwa buti. Nimeona niiandike saa kwa saa.

Saa 10:30 alfajiri

Kabla mguu haujaingia, mkono unaingia. Napapasa ndani ya kila buti mpaka vidoleni: mdudu aliyelala humo, kijiwe, bitana iliyojikunja. Kijiwe kidogo alfajiri ni lengelenge kubwa ifikapo mchana.

Soksi ni za sufu. Pamba ikishalowa haikauki mguuni. Hukaa na maji yake, ikalainisha ngozi hadi ichubuke. Sufu hata ikiwa na unyevu huendelea kutia joto. Kamba nazibana kiasi juu ya unyayo, nazizungusha mara mbili pale kifundo kinapokunjika ili kisigino kisipande, kisha juu ya hapo naziacha ziwe na nafasi. Mtu anayekaza kamba kwa nguvu ileile kutoka chini hadi juu huumia muundi na bado kisigino chake kinacheza.

Saa 12 asubuhi

Tumeingia kwenye nyasi ndefu, mimi na mgeni mmoja. Watu huogopa mto na kuudharau umande, ilhali umande ndio unaolowesha zaidi. Kila hatua buti inapangusa majani mabichi mahali palepale, kwa saa nzima mfululizo. Suruali inalowa, maji yanateremka kwenye soksi, na soksi inayanyonya hadi ndani ya buti. Hapo ndipo mtu anaposema buti zake zinavuja. Hazivuji. Maji yameingia kwa mlango wa juu, na ule utando wa ndani ya buti uliokuwa ukiyazuia yasiingie sasa unayazuia yasitoke.

Kwa hiyo mimi huvaa vifuniko vya muundi juu ya buti, au suruali isiyopitisha maji, na suruali hiyo hushuka nje ya buti. Anayeichomeka ndani anayaongoza maji miguuni mwake mwenyewe.

Niseme kidogo kuhusu huo utando, kwa kuwa wengi hulipia jina lake, kama Gore-Tex, bila kujua unachofanya. Mwaka 1969 Mmarekani Robert Gore aliivuta kwa ghafla plastiki ya PTFE iliyokuwa imepashwa moto, ikarefuka mno na kujaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Tone la maji ni kubwa mno kwa vitundu hivyo, lakini mvuke wa jasho unapita. Ndani ya buti, utando wa aina hiyo hukaa kati ya ngozi ya nje na bitana. Ni kitu kizuri, nami nakitumia. Ila ngozi ya nje ikishajaa maji, mvuke hauna pa kwenda, na mguu unalowa kwa jasho lake huku utando ukiwa mzima kabisa. Tena utando ni mwembamba: mchanga ulioingia ndani unausaga taratibu, na pale buti inapokunjika karibu na vidole ndipo unapotoboka kwanza. Ngozi nzuri huishi muda mrefu kuliko utando wake. Ndiyo maana buti ambayo tegemeo lake lote ni utando, juu yake kitambaa chepesi, siwezi kumshauri mtu anayeitegemea kwa kazi ya kila siku.

Saa 2 asubuhi

Kunyatia. Hapa soli ngumu ni adui, kwa sababu mguu hausikii kijiti kabla hakijavunjika. Uzito nao unaanza kuhesabika: kilo moja mguuni humchosha mtu karibu sawa na kilo tano mgongoni, kwa kuwa inainuliwa na kushushwa kila hatua. Mgeni wangu alikuwa na buti za mlimani, imara sana, soli isiyopinda hata kidogo. Mnyama alitusikia mapema.

Saa 4 asubuhi

Kinamasi. Mimi na mgeni tulizunguka, mwenzangu wa kazi aliyetukuta hapo na gambuti akakatiza katikati kwenda kuangalia nyayo ng'ambo. Hakuna ngozi wala utando unaoshindana na mpira mahali ambapo maji yanafika nusu ya muundi. Tangu Charles Goodyear alipopata hataza ya kuupika mpira kwa salfa mwaka 1844, na Hiram Hutchinson kuanza kutengeneza buti za mpira Ufaransa mwaka 1853, jambo hilo halijabadilika. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia kiwanda cha North British Rubber kilitengeneza jozi 1,185,036 kwa ajili ya askari waliosimama kwenye mahandaki yaliyojaa maji. Jeshi la Uingereza lilikuwa na ngozi nyingi, na bado lilitaka mpira.

Lakini gambuti zina masharti yake. Mpira wa asili hukunjika vizuri hata kwenye baridi, ila jua linaupasua. Usiziache juani zikauke. Zile za plastiki ya PVC hugharimu kidogo na hukakamaa baridi ikizidi. Zenye shingo ya neopreni, yaani mpira laini wenye vipovu, hukaa vizuri mguuni na kutia joto, jambo jema ukiwa umekaa unasubiri mnyama, na mateso ukiwa unatembea mchana wa jua. Jaribio langu la gambuti ni moja: nasimama kwenye tope zito na kuvuta mguu. Kisigino kikitoka na buti ikabaki, hiyo si saizi yangu, hata kama vidole vimetosha. Tope lina mkono, na mwenye gambuti pana hutembea akishindana nalo.

Mwindaji anapata faida nyingine kwenye mpira: haushiki harufu ya mwili kama ngozi inavyoshika, na unaoshwa ukaisha.

Saa 6 mchana

Pumziko. Buti nje, soksi nje, miguu hewani, soksi kavu ndani. Silifanyi hili kwa starehe. Wale askari wa mahandakini waliugua miguu kwa maelfu, na haikuhitaji baridi ya kugandisha. Ilitosha miguu kukaa na unyevu kwa saa nyingi bila kukauka. Majeshi yalianza kupata nafuu yalipowalazimisha askari kukausha miguu na kubadilisha soksi. Buti bora kuliko zote haifanyi kazi ya soksi kavu iliyomo mfukoni.

Saa 8 mchana

Mgeni ameondoka, nimehamia kwenye mti ulioziba njia. Nabadilisha buti, kwa sababu buti ya kuwindia haina kazi mbele ya msumeno wa mnyororo. Ya msumeno ina tabaka za kuzuia mnyororo na alama ya picha ya msumeno pamoja na namba ya kiwango cha kimataifa, EN ISO 17249. Kwa kazi nyingine za nje kuna EN ISO 20345, na herufi zake zinafaa kujulikana: S3 ina chuma au plastiki ngumu ya kulinda vidole, soli isiyotobolewa kirahisi na msumari, na sehemu ya juu inayochelewesha maji. Kuchelewesha tu. Ukitaka buti nzima iliyopimwa isipitishe maji, tafuta alama WR, au S7 katika toleo la mwaka 2022, ambayo ni S3 yenye WR ndani yake. Buti za mpira au plastiki tupu zina S4 na S5. Watu wengi huona S3, wakadhani wamenunua buti ya kuvukia mto.

Saa 10 jioni

Huu ndio wakati nilioupangia stoo yetu ya buti. Miguu huvimba kadiri siku inavyosogea, na buti iliyokutosha asubuhi inaweza kukubana saa 8 mchana. Kijana mpya alikuwa ametembea kutwa, kwa hiyo mguu wake ulikuwa katika ukubwa wake wa kazi. Nikamwambia aje na soksi atakazovalia porini.

Alikwenda moja kwa moja kwenye buti ndefu kuliko zote. "Kaka, hizi si ndizo maji hayafiki?"

Nikamfungulia kamba, nikauvuta ulimi. Ulikuwa umeshonwa pembeni mpaka nusu tu ya shingo. "Mdogo wangu, buti hii urefu wake ni hapa ulimi unapoishia kushonwa. Juu ya hapo ni pambo."

Tukaendelea hivyo, buti moja baada ya nyingine. Ngozi tunaikunja kwa kidole gumba: ngozi nzima yenye uso wake wa asili hutoa mikunjo midogo na kurudi, ile ya tabaka la ndani iliyopakwa rangi nzito huacha mstari unaong'aa ambao baada ya muda utapasuka. Mishono tunaihesabu, na kila mshono ulio karibu na soli ni njia ya maji, hivyo buti yenye vipande vichache inashinda yenye vipande vingi vya urembo. Soli iliyoshonwa kwenye ukanda wa ngozi unaoizunguka buti, fundi anaweza kuibandua na kuweka nyingine. Iliyogandishwa kwa gundi peke yake ni nyepesi na hulainika mapema, ila ikichoka mara nyingi buti nzima imechoka. Kwa mtu anayewinda mara chache kwa msimu, gundi si dhambi. Kwa kijana huyu atakayetembea kila siku, nilitaka ya kushonwa.

Kulikuwa na jozi zenye mpira chini na ngozi juu. Aina hiyo Leon Leonwood Bean aliianza kule Maine, Marekani, mwaka 1912 kwa ajili ya wawindaji, na katika jozi 100 za mwanzo alirudishiwa 90 kwa sababu ngozi iliachana na mpira. Alirudisha fedha za watu, akarekebisha, akaendelea. Kwa hiyo buti za aina hii tulizikagua palepale tu, kwenye kiungo cha ngozi na mpira: mishono iwe mistari miwili au zaidi, pasiwe na mwanya unaopitisha ukucha.

Kwenye rafu ya nyuma lilikuwa boksi lenye buti mpya za zamani, hazijawahi kuvaliwa. Kijana alizifurahia. Nilibonyeza soli, vidole vikazama, ikamomonyoka kama keki kavu. Soli za poliyurethani huoza kwa unyevu wa hewa hata zikiwa ndani ya boksi, tena zinazovaliwa mara kwa mara mara nyingi hudumu kuliko zinazotunzwa. Buti ya bei ya kutupa iliyokaa ghalani miaka mingi si bahati. Tazama tarehe ya kutengenezwa, mara nyingi imechapwa ndani ya ulimi au chini ya soli.

Mwisho nikampandisha kwenye ubao uliolala mteremko. Akishuka, vidole visiguse mbele. Akipanda, kisigino kisiinuke. Mguu wa kulia ulikuwa mkubwa kidogo, kama watu wengi walivyo na mguu mmoja mkubwa, tukafuata ule. Alichukua ngozi nzima, soli ya kushonwa, ulimi ulioshonwa mpaka juu, yenye utando, bila tabaka la kutia joto. Gambuti atachukua za stoo siku za kinamasi. Buti moja ya kila kitu haipo, nami sikutaka kumdanganya.

Saa 1 usiku

Buti zangu zimeoshwa tope, soli za ndani zimetolewa, magazeti yamejazwa ndani na yatabadilishwa kabla sijalala. Mbali na moto. Joto kali hukausha ngozi hadi ipasuke, na hulegeza gundi upande mmoja huku ukidhani unasaidia. Zikikauka kabisa napaka nta kidogo, hasa kwenye mishono. Mafuta mengi siyapendi kwa buti yenye utando; hulainisha ngozi kupita kiasi na kuziba njia ya mvuke.

Kijana amenitumia ujumbe akiuliza kama kesho aende nazo porini moja kwa moja. Nimemjibu azivae nyumbani jioni kadhaa, kwenye sakafu kavu, soli ikiwa bado safi, ili zikimchoma mahali tuzirudishe na kuchukua saizi nyingine. Kesho aje na zile zake za zamani.