Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa Kiswahili na mbio, Kapchorwa

Saa 10:45 alfajiri. Simu inalia, naizima, inalia tena. Baridi ya alfajiri ya Kapchorwa, huku Mlima Elgon mashariki mwa Uganda, haizoeleki hata kwa sisi tuliozaliwa huku. Navaa sweta mbili na kofia ya marehemu baba, aliyekuwa askari. Kiswahili changu nacho nilikirithi kwake, enzi ambazo watu wengi Uganda walikiona kuwa lugha ya kambini.

Saa 11:15. Wakimbiaji wako getini, wanarukaruka wapate joto. Wanapanda barabara ya vumbi, mimi nasindikiza hadi kona ya kwanza tu kisha nawasubiri hapo na tochi. Chini kabisa tambarare ya kuelekea Karamoja bado ni giza tupu. Nahesabu wanaporudi: 13 badala ya 14. Binti wa S2, yaani kidato cha pili, anayekimbia mita 800 hayupo. Wenzake wanasema buni imeiva, kabaki kwao kuchuma. Siwezi kulalamika, maana buni hiyo hiyo ndiyo ada yake.

Saa 2:00. S1, ngeli. Nimewapa kazi ya kutunga sentensi zenye neno “bingwa”, na sentensi 20 kati ya 50 zinamhusu Joshua Cheptegei. Mmoja kaandika “Cheptegei imeshinda Paris”, nikamweleza kwamba mtu aliyekimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 43 anastahili walau ngeli ya watu. Mtaala mpya wa mwaka 2020 ulifanya Kiswahili kuwa lazima S1 na S2, na elimu ya viungo vilevile, kwa hiyo nina mizigo miwili kwa mshahara mmoja. Mwenzangu wa fizikia mwenye digrii anapokea shilingi milioni 4 kwa mwezi tangu 2022. Wangu wa masomo ya sanaa hatutautaja hapa.

Saa 4:30. Mkuu wa shule ananiita. Sherehe za shule zinakaribia, mchoraji anakuja kesho kuandika ukutani majina ya wanafunzi wa zamani mashuhuri, na orodha anaitaka leo jioni. Mpaka sasa tuna mbunge wa zamani, daktari, kanali na mwamuzi wa mpira. Deputi, naibu wa mkuu, kakunja uso.

“Madam, ongeza Kiprotich.”

“Alisoma hapa?”

“Si mtu wa mlima huu?”

Tamaa yake naielewa. Uganda imepata dhahabu 5 za Olimpiki, na 4 zimetoka huku kwetu Sebei: Stephen Kiprotich kwenye marathoni ya London 2012, Peruth Chemutai na Cheptegei kule Tokyo, kisha Cheptegei tena Paris 2024. Shule ya serikali iliyo katikati ya watu hawa, ukutani ina mwamuzi wa mpira! Inauma. Lakini mtoto wa S1 atasimama mbele ya ukuta huo na kuamini kila herufi, halafu siku moja atakutana na mtu anayejua Kiprotich alisoma wapi. Nikasema nitafikiria. Deputi anajua maana ya nitafikiria yangu.

Saa 7:00. Posho, yaani ugali, na maharagwe. Nakula nimesimama, kisha naenda jikoni kuomba majivu.

Saa 10:00. Uwanjani. Hapa ndipo siku yangu inapoanza hasa. Chokaa tulikuwa nayo mara ya mwisho mwaka juzi, kwa hiyo laini tunazichora kwa majivu. Unachukua kopo la maziwa ya unga, unalitoboa matundu kwa msumari, unatembea kinyumenyume ukilitikisa. Majivu yakiwa na chembe za mkaa, matundu yanaziba na laini inakatika kama maandishi ya kalamu inayoishiwa wino. Upepo ukivuma, umepaka viatu vyako.

Uwanja wenyewe ni mita 300 na umeinama upande wa mikaratusi. Mita 1,500 ni raundi 5 kamili, hapo raha. Mita 800 ni raundi 2 na theluthi mbili, hapo ugomvi. Niliwahi kupiga hesabu ya rekodi ya dunia ambayo Cheptegei aliiweka Monaco mwaka 2020 katika mita 5,000, yaani 12:35.36. Kwenye uwanja wetu ni kuzunguka kwa sekunde 45, mara 16 na zaidi. Mvulana wetu mwenye kasi kuliko wote alijaribu raundi moja. Sekunde 44. Akalala kwenye nyasi, akaniuliza zimebaki ngapi.

Laini ya 1 hakuna anayeitaka, kona yake inabana. Nawasimulia John Akii-Bua, mwenye ile dhahabu nyingine ya Uganda, Munich 1972: laini ya 1, mita 400 kuruka viunzi, 47.82, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya sekunde 48. Wananisikiliza kwa heshima, kisha wanagombania laini ya 4.

Wasichana nao wanataka mbio za kuruka viunzi na maji tu, tangu Chemutai ashinde dhahabu katika mbio hizo. Bwawa hatuna. Tuna benchi la bwenini na mtaro wa jikoni. Leo wa kwanza katua katikati ya maji ya kuoshea masufuria, na mpishi, tunayemwita Mama Jikoni, akatoka na mwiko. Nilidhani anakuja kugomba.

“Mkono, mwanangu! Unaruka umekumbatia kifua kama mwenye homa. Rusha mkono, mguu utafuata.”

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilipokuwa S1 hapa hapa, yeye alikuwa S3, na mita 1,500 ya wilaya alishinda peku, wa pili akiwa bado kwenye kona. Mwaka uliofuata buni haikuzaa vizuri kwao na hakurudi shuleni. Alirudi baadaye sana, kuomba kazi ya jikoni.

Saa 1:00 usiku. Nakabidhi orodha: majina 5. Mkuu anasoma, anavua miwani.

“Huyu wa mwisho si mpishi wetu?”

“Ndiye.”

“Mchoraji analipisha kwa herufi, Madam.”

“Kiprotich sikumwandika. Tumebakiza herufi.”

Hakusema ndiyo wala hapana. Aliweka alama ndogo kwa penseli na kuikunja karatasi.

Saa 2:30 usiku. Napitia jikoni kumwambia mwenyewe kabla hajasikia kwa deputi. Anasugua sufuria, haniangalii.

“Waanze kuniandika kwenye karatasi ya mshahara wa mwezi uliopita,” anasema. Halafu, nikiwa mlangoni: “Majivu ya kesho nimeyachekecha. Yako kwenye debe la bluu, usichukue yale mengine, yana mkaa.”